Orodha ya Majina Haitamfikia Askari Aliyerudi

Kila baada ya miezi michache habari ile ile hunifikia kwenye simu ikiwa imevaa nguo mpya. Aprili 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba makumi ya maelfu ya Waafrika na Waasia waliokufa wakiitumikia Uingereza hawakupewa jiwe wala jina kama walivyopewa Wazungu waliokufa pamoja nao. Novemba 2023 Mfalme Charles alifika makaburi ya Kariokor, Nairobi, akawakabidhi maveterani wakongwe medali mpya badala ya zile zilizopotea. Januari 2025 ukazinduliwa mnara Cape Town wenye majina ya vibarua wa jeshi zaidi ya 1,700. Agosti mwaka huo huo ikatimia miaka 80 tangu Japani isalimu amri. Kila mara jamaa hunitumia habari hizo pamoja na neno la kunipa moyo: hatimaye na mzee wenu atakumbukwa. Huwa nawashukuru, kisha nanyamaza. Baba yangu alipigana Burma, nchi iitwayo leo Myanmar, akiwa askari wa Keya, yaani King's African Rifles. Hakufa huko. Alirudi, akaoa, akatuzaa, akalima mtama na karanga, akafia kitandani kwake mwaka 1993. Hakuna mnara wowote kati ya hiyo inayojengwa ambao jina lake litaandikwa, na haliwezi kuandikwa.

Ninachotaka kusema ni kwamba tumechanganya vita viwili na madeni mawili. Deni la Vita Kuu ya Kwanza ni la majina ya waliokufa, na hilo ndilo linaloshughulikiwa sasa. Deni la vita vya pili, hasa vya Burma, ni la watu waliorudi wazima wakapotelea vijijini, na sehemu yake kubwa hatumdai Mwingereza. Tunadaiwa sisi wenyewe.

Tuanze na hilo la kwanza, maana ndilo lililozaa mkanganyiko. Ripoti ya Tume ya Makaburi ya 2021 ilihusu zaidi vita vya 1914 hadi 1918. Ilikadiria kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda hata 350,000, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa, na wengi wao walitoka Afrika Mashariki, Afrika Magharibi, Misri na Somalia. Kwa upande wetu hawa ni wapagazi, watu wa Carrier Corps waliotuachia jina la Kariakoo Dar es Salaam na Kariokor Nairobi. Walibeba unga, risasi na majeruhi katika vita vya kumfukuza Mjerumani, wakafa kwa kuhara, kwa malaria na kwa njaa kuliko walivyokufa kwa bunduki. Walipokwisha, zikasimamishwa sanamu za askari Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam. Maandishi ya ile ya Nairobi yanawaita wapagazi miguu na mikono ya jeshi, na yanaahidi kwamba ukiipigania nchi yako, hata ukifa, wanao watalikumbuka jina lako. Juu ya sanamu yenyewe hakuna jina hata moja. Kwa hiyo wanaotafuta majina hayo leo wanafanya kazi ya haki, na sina ugomvi nao.

Burma ni habari nyingine. Waliokufa kule kwa sehemu kubwa wameandikwa. Nje kidogo ya Rangoon, mahali paitwapo Taukkyan, upo mnara wenye majina yapatayo 27,000 ya askari wasio na kaburi linalojulikana, na ya Waafrika yamo. Nairobi nako yameandikwa ya waliozama na meli ya Khedive Ismail, iliyopigwa na manowari ya Kijapani karibu na Maldivi tarehe 12 Februari 1944 ikitokea Mombasa kwenda Colombo. Karibu watu 1,300 walikufa siku hiyo, na kundi kubwa kati yao lilikuwa kikosi cha mizinga cha Afrika Mashariki. Ni msiba mkubwa kuliko vita vingi tunavyovisoma shuleni, na sijawahi kukutana na mwanafunzi anayeujua. Hata hivyo majina yapo, yamechongwa. Kinachokosekana ni wale wengine.

Kwa nini kampeni yenyewe haijulikani? Sababu moja ni ya kijeshi. Jeshi la 14 la Jenerali William Slim, lililopigana Burma, liliitwa na askari wake wenyewe jeshi lililosahauliwa, kwa kuwa macho ya London yalikuwa Ulaya. Ndani ya jeshi hilo Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipewa kazi isiyo na picha. Ilikusanya watu wa Kenya, Uganda, Tanganyika, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini, na nyuma yao kulikuwa na hospitali ya vita kutoka Kongo ya Wabelgiji. Alama yao begani ilikuwa kichwa cha kifaru. Baada ya Wajapani kushindwa Imphal na Kohima katikati ya 1944, divisheni hii ndiyo iliyotumwa kuwafuata kupitia bonde la Kabaw, katika kilele cha mvua, wakati majeshi yenye akili timamu hukaa kambini. Waliingia mji wa Tamu mwanzoni mwa Agosti. Katikati ya Novemba walikutana na Wahindi wa Divisheni ya 5 huko Kalemyo, na tarehe 2 Desemba wakaingia Kalewa, kando ya mto Chindwin. Hapo wahandisi wakatandika daraja la chuma la zaidi ya mita 350, refu kuliko madaraja yote ya aina yake wakati ule. Wengine wakavuka juu yake kwenda kuiteka Mandalay na kupigwa picha. Divisheni ya kifaru ikarudishwa India kupumzika. Ilibaki brigedi ya 28 ya Afrika Mashariki, iliyokuwa nje ya divisheni hiyo, iliyopelekwa mto Irrawaddy kumdanganya adui avukiwe mahali asipopatazamia, kazi ambayo ukiifanya vizuri hakuna anayekuona.

Baba hakuwahi kusimulia hayo kwa mpangilio huu. Mpangilio nimeupata ukubwani, vitabuni. Tulipokuwa watoto tulimuuliza swali moja tu, swali la watoto wote: uliua wangapi? Naye alijibu kwa kisa cha nyumbu wa mizigo aliyezama topeni hadi shingoni, wakamvuta kwa kamba asubuhi nzima huku koplo akitukana kwa lugha tatu. Hawakumvuta kwa huruma. Mgongoni alikuwa amebeba sufuria ya kampuni, na sufuria ikipotea watu mia moja hula biskuti baridi hadi ndege ziangushe nyingine kwa mwavuli. Nyumbu alitoka, sufuria haikutoka. Mji wa Tamu nao aliutaja mara nyingi, kwa sababu ya jina. Walikuwa wamelisikia njiani kwa wiki nzima, wakalifanyia utani wa kila namna, kwamba Tamu kuna sukari, Tamu kuna asali. Walipoingia, mji ulikuwa umejaa maiti za Wajapani ambao hakuna aliyebaki na nguvu za kuwazika, mamia, wengine wamekaa wima wakiegemea kuta. "Mjapani wa kwanza niliyemwona alikuwa amekufa ameketi, kama anayesubiri chai," alisema. Sikumbuki akicheka.

Nimetaja visa hivyo kwa sababu havitumikii hoja yoyote kati ya zile zinazozungumzwa hadharani kuhusu askari wa Burma. Tuzitazame hoja zenyewe.

Dhaifu kuliko zote ni ile isemayo kwamba watu wa Keya walikuwa vibaraka wa mkoloni, waliotumika kuwapiga Waafrika wenzao, hivyo wakumbukwe na aliyewalipa. Huisikia kwa vijana wenye hasira nzuri na habari chache. Ni kweli kwamba Keya ilitumika kuzima upinzani makoloni, tena kwa ukatili. Lakini hoja hii hudhani kila askari alijipeleka. Zaidi ya robo milioni ya watu wa Afrika Mashariki walivaa magwanda katika vita hivyo. Idadi hiyo haipatikani kwa tangazo la ngoma na tarumbeta. Chifu alipewa hesabu ya vijana, jumbe akapewa yake, na anayejua kijiji anajua nani hutajwa kwanza, yatima na mkorofi na kijana ambaye baba yake ana kesi ya mpaka na jumbe. Waliojiandikisha kwa hiari nao walitaka mshahara, kwa sababu kodi ya kichwa ilidaiwa kwa fedha na fedha zilikuwa kwenye mashamba ya mkonge au jeshini. Kumwita kibaraka mtu aliyekimbia mkonge akaangukia Burma ni kumhukumu kwa chaguo ambalo hakuwa nalo. Tena hoja hii ikifuatwa hadi mwisho, itabidi tuwafute pia karani, mwalimu wa shule ya misheni na dereva wa bomani, na sijui nani atabaki kuwa babu wa nani.

Hoja ya pili ina nguvu zaidi, na imekaa vizuri midomoni kwa sababu inapendeza. Inasema Burma iliwafungua macho. Askari aliona Mzungu akilia, akiogopa, akifa, akarudi nyumbani hataki tena kuitwa boi, na uhuru ukaanzia hapo. Ushahidi upo. Abdulwahid Sykes na mdogo wake Ally walipita Burma na Keya, na Abdulwahid ndiye aliyekuwa mbele ya chama cha TAA, yaani Tanganyika African Association, kabla Nyerere hajachukua uongozi na TANU kuzaliwa tarehe 7 Julai 1954. Kenya, Waruhiu Itote, ambaye msituni aliitwa Jenerali China, alijifunza vita Burma. Hata Idi Amin aliona faida ya jina hilo, serikali yake ikaeneza habari kwamba alipigana Burma, wakati rekodi zinaonyesha aliingia Keya mwaka 1946, vita vikiwa vimekwisha. Mtu haghushi sifa isiyo na thamani sokoni.

Bado sikubaliani nayo, angalau kwa umbo inavyosimuliwa. Majina hayo hurudiwa kila mara kwa sababu ni machache. Abdulwahid alikuwa mtoto wa mjini, wa nyumba iliyosoma na kufanya siasa kabla yake. Baba yake, Kleist, alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa African Association. Siasa aliikuta nyumbani, akaenda nayo Burma, akarudi nayo. Kina baba yangu hawakuwa na nyumba ya namna hiyo. Waliporudi walitaka baiskeli, ng'ombe wa mahari, na paa la bati kama wangeweza. Baba alichojifunza jeshini, ukimuuliza, kilikuwa Kiswahili. Alikwenda akijua Kigogo na maneno machache ya sokoni, akarudi na Kiswahili cha Keya, kile cha amri, chenye ngeli mbili tu, alichogawana na Mkamba, Myao, Mwacholi na tabibu wa Kongo. Kwa miaka mingi watu walimcheka kwa kusema "kitu yangu". Lakini barua za bomani zilipofika kijijini, yeye ndiye aliyeitwa kuzisoma. Ukitaka kujua vita vile viliijenga vipi nchi, mimi ningeanzia kwenye lugha hiyo mbovu kabla ya kwenda kwenye majukwaa. Tatizo la hoja ya uhuru ni kwamba inamkubali askari pale tu anapogeuka kuwa mtu mwingine. Aliyerudi akalima hana nafasi ndani yake, kama asivyo na nafasi kwenye jiwe la Taukkyan.

Hoja ya tatu ni ya fidia, na hiyo siwezi kuipuuza. Nyaraka zilizotangazwa na wanahabari mwaka 2019 zilionyesha kwamba kiinua mgongo cha askari Mzungu kiliweza kufika karibu mara tatu ya kile cha Mwafrika wa cheo kile kile kwa muda ule ule wa utumishi. Kenya, maveterani wa Kizungu walifunguliwa mpango wa mashamba kwenye nyanda za juu, na Waafrika waliokuwa nao kwenye handaki moja hawakuruhusiwa hata kuomba. Watetezi wa Uingereza hujibu kwamba imesaidia: mwaka 2018 ilitangaza karibu paundi milioni 12 kwa maveterani fukara wa Jumuiya ya Madola, ili wapate angalau milo miwili kwa siku. Lakini sadaka hupewa mtu kwa ufukara wake, na ujira hulipwa kwa kazi yake. Ndiyo maana wengi hutaja mfano wa Ufaransa, ambayo mwaka 2006 iliamua kusawazisha pensheni za askari wake wa makoloni na za Wafaransa.

Hapo ndipo wengi hawaoni tofauti iliyo kubwa kuliko zote. Askari wa Ufaransa wa Senegal au Morocco alikuwa na pensheni, ndogo na ya dhuluma, lakini ilimfanya aendelee kuwa kwenye daftari. Kila mwaka serikali ililazimika kujua yupo hai au amekufa. Askari wetu wa kawaida alilipwa mara moja, akapewa tikiti ya treni, na faili likafungwa. Siku ile ya 1946 baba aliposhuka stesheni, dola ya Kiingereza iliacha kumjua, isipokuwa kama mlipa kodi. Kesi ya fidia haikosi haki. Inakosa orodha, na orodha ya waliorudi hakuna tume inayoitafuta, kwa sababu tume zote zimepewa kazi ya makaburi.

Na hapa ndipo ninapotugeukia sisi, Watanzania hasa. Kenya na Uganda zilirithi vikosi vya Keya, zikabadilisha majina, jeshi likaendelea. Kwetu uzi ulikatwa. Tanganyika Rifles, ambayo ilikuwa Keya iliyobadilishwa kofia, iliasi tarehe 20 Januari 1964, ikavunjwa, na Septemba mwaka huo JWTZ ikaundwa upya kutoka mwanzo. Maasi yalianzia kambi ya Colito. Jina hilo lilitoka mahali huko Abisinia, Ethiopia ya leo, ambapo batalioni ya sita, ya Watanganyika, ilipigana na Waitaliano Mei 1941. Leo kambi ile inaitwa Lugalo, kwa heshima ya Wahehe wa Mkwawa waliowafyeka Wajerumani mwaka 1891. Sioni kosa. Nchi changa ilihitaji mashujaa waliopigana dhidi ya mkoloni kuliko waliopigana chini yake, na kama ningekuwa na kalamu siku ile ningeandika Lugalo. Lakini tukubali kwamba lilikuwa chaguo letu, lenye gharama yake. Kila Julai 25, Siku ya Mashujaa, kati ya silaha zinazowekwa mnarani kuna shoka, na anayeliweka ni mzee kwa niaba ya askari wa zamani. Kamera hukaa kwake kwa sekunde chache. Katika miaka yote niliyotazama sijasikia mtangazaji akieleza wazee wa Keya walipigana wapi.

Ukimya huo uliingia hadi majumbani. Baba hakuficha habari zake kwa uchungu, kama tunavyopenda kuwadhania wazee wa vita. Alinyamaza kwa sababu hakuona zinamfaa nani. Wakati wa TANU zilimfanya aonekane mtu wa Mwingereza. Wakati wa vita vya Kagera kaka yangu alikwenda kupigana na Amin, na hapo palikuwa na vita vyetu wenyewe, vyenye nyimbo kwenye redio. Nani angeuliza ya Kabaw? Wanahistoria walipoanza kutembea na vinasa sauti walitafuta Maji Maji, na walikuwa na haraka ya haki, kwa kuwa wazee wale walikuwa wanakwisha. Wa Burma walionekana bado wapo. Sasa nao wamekwisha, na aliyekuwa na miaka 18 mwaka 1944 leo angekaribia karne.

Kilichobaki kipo kwa watoto na kwenye masanduku ya bati, na kinahitaji kukusanywa kwa maswali tofauti na yale ya makaburi. Mtafuta majina huuliza alikufa wapi na lini. Sisi tunapaswa kuuliza alichukuliwa na nani, alilipwa nini, alirudi kwa njia gani, alifanya kazi gani baadaye. Wengi, kama baba, waliingia kwenye mpango wa karanga wa Kongwa mwaka 1947, kwa kuwa Mwingereza alitaka watu waliokwisha kuzoea mashine na filimbi. Karatasi za mpango ule zikiunganishwa na vyeti vya jeshi zinaweza kutupa majina ambayo hakuna mnara utakaoyatoa. Kazi hiyo haihitaji ruhusa ya London. Inahitaji Nyaraka za Taifa, idara za historia za vyuo vyetu, na wajukuu wasiotupa masanduku.

Majina yenyewe yatasumbua, niwaonye wanaojitayarisha. Cheti cha baba cha kuachishwa jeshi ninacho. Kimekunjwa mara nne na mikunjo imeshika rangi ya chai. Mahali pa jina la baba mzazi, karani ameandika jina la jumbe aliyemfikisha bomani. Ama hakuuliza, ama jumbe ndiye aliyejibu. Kwenye karatasi za mfalme, basi, mimi ni mjukuu wa jumbe, jambo ambalo babu yangu halisi, aliyekuwa na kesi naye ya mpaka, asingelipokea vizuri. Chini yake kuna mstari wa alama za mwilini, na umejazwa: hakuna. Baba alikuwa na kovu kwenye ugoko wa kushoto, la ukubwa wa senti kumi ya zamani, ile yenye tundu, hata katikati lilibonyea vivyo hivyo. Ruba walimng'ata Kabaw, pakaoza, pakachukua miezi kupona. Mstari ule ulijazwa siku anaingia, mwaka 1942. Siku anatoka hakuna aliyemwambia apandishe suruali.